Haragwe Moja Zaidi

Mama alifagia bustani ya mji wa Tororo tangu kabla sijazaliwa mpaka magoti yalipomgomea, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kwenye nyasi zake. Wafagiaji walikula chakula chao cha mchana nyuma ya kibanda cha majembe. Nyasi zilikuwa za wageni, za maharusi wa kupiga picha, na za watu wenye karatasi ya ruhusa. Mama mwenyewe ndiye aliyewafukuza wasio na karatasi, tena kwa ufagio, na nasikia hakuwa na huruma hata chembe.

Mwaka ambao daktari alituambia presha ya macho imekwishamaliza jicho moja na sasa iko kwenye la pili, tulimwuliza anataka nini. Tulitegemea aseme anakwenda kuishi kwa dada yangu, Busia upande wa Kenya. Akasema anataka kukaa kwenye nyasi za bustani na watu wake wote, ale nao, awaone wakiwa pamoja kabla hajawa kipofu.

"Na karatasi iwepo," akaongeza. "Mimi sitafukuzwa na mtu."

Kazi ya karatasi nikapewa mimi, kwa sababu ni mwalimu na naishi karibu. Lilikuwa kosa. Nina mdomo mbaya, nyumbani kila mtu anajua, na watu wa aina yangu hawafai kutumwa maofisini.

Barua ya mwenyekiti wa kijiji niliipata siku hiyo hiyo. Karani wa baraza la mji, mwanamume mpole wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanipa fomu. Nikajaza jina, shughuli, tarehe, kwamba hatutapiga muziki, kwamba takataka tutazoa wenyewe. Hapo nilicheka peke yangu. Penye idadi ya watu nikaandika: familia.

"Madam, hii familia ni watu ngapi?" karani akauliza.

"Familia yote."

"Yote ni ngapi? Bila namba mimi siwezi piga stampu. Wakipita hamsini, lazima polisi wajue."

Kwetu Mulanda watu hawahesabiwi. Kuku wanahesabiwa, ng'ombe, magunia. Mtu ukimhesabu, unakionyesha kifo pa kuanzia. Walipokuja watu wa sensa, Mama aliwatajia majina, mmoja baada ya mwingine, na walipomwuliza jumla akawaambia kujumlisha ni kazi yao. Mimi nimesoma, nafundisha hesabu, na kila asubuhi nawahesabu watoto wa watu bila woga wowote. Lakini kwa watu wa Mama ulimi wangu ulikataa. Na badala ya kumweleza yule karani taratibu, nikapandisha sauti.

"Sisi si ng'ombe wa kupeleka mnadani!"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Karani aliichukua fomu yangu, akaiweka chini kabisa ya rundo, kisha akasema, "Kuja wiki kesho."

Nilikwenda wiki iliyofuata, nikaambiwa mkubwa yuko semina. Nilikwenda iliyofuata tena, nikaambiwa fomu haijajazwa vizuri, jambo nililolijua fika. Ningeweza kuomba radhi. Sikuomba. Niliona ni heri baraza zima linyenyekee kuliko mimi kufungua mdomo.

Siku moja nikamkuta Mama akimimina chai. Ilikuwa ikimwagika pembeni ya kikombe, naye akaendelea kumimina mpaka alipohisi joto mapajani. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Karatasi imetoka?" Nikamdanganya kwamba inatiwa saini. Nilijichukia siku ile, na nikikumbuka bado najichukia.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni, nikakaa jikoni kwangu na bakuli la maharagwe. Nikawa nataja jina, naokota haragwe moja, natumbukiza kwenye bahasha. Kaka yangu wa Lunyo, mkewe, watoto wao. Dada yangu wa Busia na watoto wake na wajukuu wake, ambao Kidhopadhola, lugha yetu, hawakijui, na kwa ajili yao sote tukikutana tunazungumza Kiswahili. Nikamtaja Mama. Wa mwisho nikajitaja mimi. Sikuhesabu.

Bahasha nikaimimina mezani kwa karani.

"Nisamehe kwa maneno yale," nikasema. "Watu wetu ndio hawa. Hesabu wewe."

Aliyatazama maharagwe, kisha akanitazama mimi.

"Madam ni wa wapi?"

"Mulanda."

"Mimi wa Kirewa, pale jirani. Hata mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Si ungesema tu?"

Akahesabu kimya, akiyasogeza mawili mawili kwa ncha ya kalamu, midomo ameifunga. Akaandika thelathini na moja. Akapiga muhuri, halafu akayarudisha maharagwe kwenye bahasha, yote, hata lililokuwa limebingirika chini ya faili.

Nilimpelekea Mama karatasi siku hiyo hiyo. Aliupapasa muhuri kwa kidole. Nikaona nimwambie na habari ya maharagwe, nikijua atanigombeza. Hakugomba. Aliomba bahasha, akaitikisa, akaingiza mkono akawa anayagusagusa. Kisha akainuka, akaenda jikoni akipapasa ukuta, akarudi na haragwe moja kiganjani.

"Huyu hukumweka."

"Mama, wote wamo. Nimemtaja kila mmoja."

"Wa kwanza hukumweka."

Nilikuwa nimesikia, kwa shangazi, kwamba palikuwa na mtoto kabla ya dada yangu. Nyumbani hakutajwa kamwe. Mama akakaa, akanieleza kwa sauti yake ya kawaida, ile anayotumia kueleza bei ya nyanya. Alikuwa akimlaza mtoto huyo juu ya kitenge, chini ya mti wa jakaranda mle bustanini, halafu yeye anafagia. Asubuhi ile mtoto alikuwa na homa kidogo. Akawa analia, halafu akanyamaza. Mama akafurahi. Akafagia mpaka geti la chini, akamaliza, akarudisha ufagio kibandani, ndipo akaenda kumchukua.

"Nilidhani amelala," akasema. "Nikamaliza kufagia kwanza."

Mimi nililia, yeye hakulia. Mara mbili baraza lilitaka kumhamishia sokoni, ambako kazi ilikuwa nyepesi, naye akakataa, na sisi watoto tulimcheka kwa ukaidi wake. Hakuna aliyewahi kumwuliza sababu.

Nikarudi kwa karani na haragwe mkononi.

"Stampu nishapiga," akasema. "Huyu mmoja ametoka wapi?"

Nikamweleza. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Kisha akachukua kalamu, akafuta moja, akaandika mbili, akatia saini pembeni na kupiga muhuri mwingine juu yake.

Jumamosi tulikutana getini na masufuria ya wali na kuku, na mikeka ya kutosha kijiji. Mama alivaa gomesi yake ya kanisani. Jicho lake lilikuwa bado linaona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Alimwita kila mmoja, akamshika mashavu, akamleta karibu kabisa, akamtazama mpaka akaridhika. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyemharakisha, hata watoto.

Askari wa getini, mwanamke mnene mwenye adabu, akaisoma karatasi yetu, kisha akainua kidole na kuanza kutuhesabu kwa sauti. Dada yangu alinibana mkono mpaka ukauma.

"Thelathini na moja," askari akasema. "Hapa wameandika thelathini na mbili. Mmoja bado? Tumngoje?"

Mama, aliyekuwa amenishika mkono wa pili, akaugeuza uso wake kuelekea ile sauti.

"Usimngoje," akasema. "Huyo yuko ndani."

Akauachia mkono wangu, akakanyaga nyasi, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya jakaranda bila kuongozwa na mtu.