Mfarishi Uliotundikwa Kinyume

"Mnakwenda ng'ambo kushona?" mume wa shangazi yangu aliuliza, kijiko kikiwa bado hewani. "Kwani huku nyuzi zimeisha?"

Sote pale mezani tulicheka, isipokuwa Shangazi. Yeye aliendelea kumenya chungwa lake mpaka likaisha, akapanguza mikono, ndipo akajibu.

"Nyuzi hazijaisha. Macho yangu ndiyo hayajashiba."

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, na zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa fundi wa kushona katika hospitali kubwa ya mji wetu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo la kufulia nguo. Kilikuwa na cherehani mbili za kukanyaga kwa miguu, na moja ya umeme aliyoiita Mgonjwa, maana haikumaliza juma bila kulazwa. Huko yaliletwa mashuka yaliyochanika, makoti ya wauguzi yaliyokatika vifungo, na nguo za kijani za chumba cha upasuaji. Kitambaa kilichochakaa kabisa kilitakiwa kichomwe moto, na hilo Shangazi hakuliweza. Alikata sehemu zilizosalia nzima, akaziunga kiraka kwa kiraka, akaweka pamba katikati na bitana chini, kisha akazishona tabaka zote tatu kwa mkono mpaka ukatoka mfarishi mzito wa kujifunika. Mifarishi hiyo ilikwenda wodi ya watoto, na watoto waliigombania: huyu anataka wa nyota, yule wa samaki. Mama yangu humtania kila siku: "Wifi, wewe hata gazeti ukipewa utalikunja pindo kwanza ndipo usome."

Rafiki yake ni Dereva. Ana jina lake alilopewa na wazazi, lakini hata wajukuu wake humwita Dereva. Aliendesha gari la wagonjwa la hospitali hiyohiyo mpaka akastaafu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa ufunguo wa gari lile, na waliomcheka mwanzoni ndio waliokuja kuomba wazazi wao wabebwe kwenye zamu yake, kwa jinsi alivyojua kupita kwenye mashimo mgonjwa asihisi. Ni mrefu, mpana, na akinong'ona anasikika nyumba ya tatu. Siku moja kiti cha gari lake kilichanika, akaja kusimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea.

"Fundi, kiti kimenishinda."

Shangazi alimtazama juu mpaka chini. "Dada yangu, hebu sema kweli. Nani kamshinda mwenzake?"

Dereva alicheka mpaka akashika mlango. Wakanywa chai, na tangu siku hiyo wakawa chanda na pete, mmoja hajui gia, mwingine hajui sindano.

Safari yenyewe ilizaliwa wodini. Daktari mgeni aliyekuja kusaidia wodi ya watoto aliupiga picha mfarishi wa samaki, akaituma kwa mama yake huko kwao. Kumbe mama huyo ni mtu wa kikundi cha washona mifarishi, ambacho kila mwaka hukusanya wapenzi wa kazi hiyo kutoka nchi mbalimbali kwa juma zima: asubuhi wanashona pamoja, mchana wanatembezwa mjini, na mwishoni wanafanya maonyesho. Wakamwalika Shangazi, na malazi yatakuwa nyumbani kwa mama yake daktari. Alipompelekea Dereva habari, Dereva hakuuliza wanashona nini.

"Huko kuna milima?"

"Nasikia ipo."

"Na madaraja?"

"Na ziwa."

"Basi twende. Wewe shona, mimi nitatazama. Asubuhi yako, mchana wangu. Tumepatana?"

Wakapatana. Tiketi walijilipia wenyewe, kutoka kwenye akiba waliyokuwa wakiiweka pamoja kwa muda mrefu kwa ajili ya safari ambayo hawakujua ni ya wapi.

Niliyoyasikia ya huko nimeyapata kwa wote wawili, tena mara nyingi, na kila mmoja humsahihisha mwenzake. Wanapatana kwamba ndege ilipotua abiria walipiga makofi, na Dereva peke yake hakupiga. "Kashika breki mapema," alisema. Wanapatana pia kuhusu mwenyeji wao, mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyevaa miwani puani na kuweka nyingine kichwani, na bado akaitafuta ya tatu. Wakamwita Mama Miwani, naye akalipenda jina. Walizungumza kwa lugha ambayo wote watatu waliijua nusunusu, na pale ilipokatika mikono ikaendelea.

Asubuhi ya kwanza walipelekwa kwenye ukumbi wenye meza ndefu, pasi zinazofuka mvuke na madirisha marefu. Shangazi alitoa subana yake, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, iliyobonyea kwa miaka ya kusukuma sindano. Mwanamke aliyekaa jirani naye akatoa ya kwake, imebonyea vilevile. Wakazilinganisha, wakacheka, na kwa asubuhi nzima hawakuhitaji mkalimani. Dereva alipewa pasi ili asikae bure. Alipiga pasi viraka vya meza nzima, akinyoosha kila pembe kama anayepanga magari kwenye maegesho, na kufika mapumziko watu walikuwa wanapanga foleni kwake.

Ugomvi ulikuja siku ya tatu. Mchana huo Dereva alikuwa ameahidiwa kivuko cha ziwani, lakini njiani Mama Miwani aliwapitisha kwenye jumba la kale. Sakafu yake ilikuwa ya vigae vidogo vya rangi, vimepangwa nyota ndani ya nyota. Shangazi aliingia hatua chache, akasimama, kisha akapiga magoti. Akatoa tepu ya kupimia kwenye mkoba, na daftari la michoro, akaanza kupima.

Mlinzi alikuja mbio akidhani bibi wa watu ameanguka.

"Hajaanguka!" Dereva alimpigia kelele kwa Kiswahili, mkono juu kama anayesimamisha magari. "Anapima tu! Mwache!"

Mlinzi hakuelewa hata neno moja. Aliinama, akaona tepu, akaona mchoro. Kisha naye akapiga magoti na sare yake, akashika ncha ya pili ya tepu. Wakapima nyota baada ya nyota, na huko nje kivuko kikaondoka.

"Mchana ni wangu!" Dereva alilia walipotoka. "Tulipatana!"

"Nilisema dakika tano tu, mwenzangu."

"Dakika tano zako zina miguu kama jongoo!"

Chakula cha jioni walikila wamepeana mabega. Mama Miwani alibadilisha miwani mara mbili asijue amtazame nani. Lakini asubuhi, Shangazi alipotakiwa kwenda ukumbini, ambako mifarishi ilikuwa inatundikwa tayari kwa maonyesho, alimkabidhi Mama Miwani wa kwake, aliokuja nao kutoka nyumbani, ukiwa umekunjwa ndani ya mfuko.

"Tundikeni nyinyi," alisema. "Leo mimi nina deni la ziwa."

Dereva alinuna mpaka kwenye gati. Kwenye gati akasahau kununa. Walivuka ziwa, na upande wa pili kulikuwa na kibanda cha kioo kinachopandishwa mlimani kwa kamba nene ya chuma. Shangazi anaogopa hata ngazi ya kubadilishia balbu. Aliingia kwa sababu alikuwa amesema ataingia, akafumba macho, akamng'ang'ania Dereva mkono.

"Tunapita juu ya miti," Dereva alimweleza taratibu, kwa ile sauti aliyokuwa akiwatulizia wagonjwa. "Sasa kuna daraja. Nguzo zake zimepinda kidogo, aliyelijenga anajua kazi. Barabara ina kona saba, na kuna lori linapanda kwa gia isiyo yake. Hebu fumbua jicho moja."

"Moja tu?"

"Moja linatosha. La pili litaona wivu lifumbuke lenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Picha waliyopiga kileleni ipo sebuleni: Dereva ametanua mikono kama mwenye mlima, Shangazi amemshika kiuno kwa nguvu, na macho yote mawili yako wazi.

Waliingia ukumbini siku ya maonyesho wakiwa wamevaa vizuri. Kuta zote zilikuwa zimefunikwa mifarishi, mingine ya hariri, mingine yenye viraka vidogo kama ukucha. Watu walikuwa wengi, na wengi zaidi walikuwa mbele ya ukuta wa mwisho. Shangazi alisogea, akachungulia kati ya mabega, akasimama ghafla.

Ulikuwa mfarishi wake, ila umetundikwa kinyume.

Upande wa mbele, aliouandaa kwa ajili ya maonyesho, ulikuwa wa nyota za kijani, nyeupe na njano. Huo ulikuwa umegeukia ukutani. Kilichotazama watu kilikuwa upande wa nyuma, wa bluu iliyokolea, ambao Dereva hakuwa ameuona hata siku moja. Shangazi aliushona akiwa amefunga mlango.

Dereva alifika nyuma yake, akasogea karibu na ukuta. Aliijua bluu ile. Zilikuwa sare zake za kazi, zile alizozirudisha stoo siku ya kustaafu, akidhani zimekwenda motoni. Aliuona mfuko wake wa kifuani, na doa la oili pembeni yake. Juu ya bluu ile kulikuwa na mistari ya uzi mweupe, mishono midogo kama punje za mchele, inatawanyika kutoka kwenye kiraka kimoja cha katikati. Aliifuata kwa kidole bila kuugusa mfarishi.

"Hii ndiyo hospitali," alisema kwa sauti ndogo ambayo Shangazi anaapa hajawahi kuisikia tena. "Hii barabara ya machimbo. Huu mteremko wa zahanati. Hapa ni pale daraja lilipovunjika nikazunguka." Kidole kikasimama kwenye fundo jekundu. "Na hili?"

"Yule mtoto aliyezaliwa garini wakati wa mvua."

"Na yale kule?"

"Pacha. Ndiyo maana mafundo ni mawili."

Dereva alipangusa uso kwa kiganja. "Kwa nini uliniweka nyuma?"

"Nyuma ndiko kunakogusa mwili," Shangazi alimjibu. "Mbele ni kwa ajili ya watu. Ulikuwa uwe wako tukirudi nyumbani. Hawa wametoboa siri."

Mama Miwani alipoelezwa kwamba wametundika kinyume alishika mashavu. Mishono ya nyuma ilikuwa safi kiasi kwamba kikundi kizima kilikubaliana huo ndio uso. Wakaleta ngazi, wakaugeuza mbele ya watu wote, na nyota zilipotokea ukumbi ukavuma. Mtu akaomba wauone tena ule wa bluu. Ukageuzwa. Mwingine akataka nyota. Mwishowe Mama Miwani akaagiza wauning'inize kwenye boriti katikati ya ukumbi, watu wauzunguke.

Hapo Dereva akapata sauti yake. Alisimama upande wa bluu na kuwatembeza watu barabara zake moja baada ya nyingine, kwa lugha ya nusunusu na mikono mizima. Alipofika kwenye pacha alikunja usukani wa hewani, akakanyaga breki, akageuka nyuma kuwapokea watoto wawili, na watu wasiomwelewa neno wakapiga makofi. Kila alipomaliza alimvuta Shangazi kwa bega.

"Huyu. Mikono hii. Huyu ndiye fundi."

Hayakuwa mashindano, kwa hiyo hakuna aliyeshinda. Lakini kesho yake, kabla ya kuagana, kikundi kilimwomba Shangazi asimame mbele awaonyeshe anakoficha mafundo yake ya uzi yasionekane upande wowote. Alisimama. Watu walisogeza viti, wengine wakapanda juu ya meza kuona. Akashika sindano, akaanza.

Uwanja wa ndege tulikwenda kuwapokea ukoo mzima. Mume wa Shangazi alikuwa amepiga pasi koti tangu juzi yake. Kabla mizigo haijatoka alikuwa ameshawaambia wapagazi, askari na mwenye duka la maji, "Namsubiri mke wangu. Alikuwa ng'ambo, anafundisha." Shangazi alirudi na begi la vitambaa. Dereva alirudi na picha za madaraja, na mfarishi ameubeba mwenyewe mkononi, amekataa usiwekwe kwenye mizigo.

Siku hizi kila Jumamosi chumba cha nyuma ya jengo la kufulia kinajaa. Wapo wauguzi, akina mama wenye watoto wodini, na bwana mmoja wa maabara anayeshona vizuri kuliko wengi wao. Shangazi anafundisha. Dereva naye ameamua kujifunza, na Shangazi hamhurumii.

"Fumua."

"Lakini umekaa!"

"Umekaa upande. Fumua."

Dereva anafumua, ananung'unika, anaanza upya. Ilimchukua msimu mzima wa mvua kumaliza mfarishi mdogo wa mtoto, wa rangi mbili tu, na mistari yake inayumba kidogo ukiitazama kwa karibu. Siku alipoupeleka wodini nilikuwa naye. Hakupitia mlango wa nyuma, uliokuwa karibu. Alipitia lango kuu, ameutandaza juu ya mikono yote miwili, akasimama mbele ya bawabu aliyemjua miaka yote.

"Unauona huu?" alimwambia, na nadhani hata wodi za ghorofani zilisikia. "Nimeushona mimi. Kila mshono. Haya, fungua geti lote."

Bawabu akafungua geti lote.