Damu Nyepesi ya Ukoo wa Fundi

Fundi cherehani alilelewa na mama yake mkubwa, na kwa huyo alijifunza kutoshona kamwe mikono mifupi kwa mwanamke wa ukoo wao. Ngozi zao zilivilia damu kwa kuguswa tu, na jirani akiona alama mkononi angesema mume anapiga. Pua ikitoka damu ilifutwa chumbani. Hedhi ya siku kumi haikutajwa.

"Tuna damu nyepesi," mama mkubwa alisema, "na hayo ni ya ndani."

Fundi aliyafungia kifuani miaka arobaini. Mumewe, mtu asiyeweza kumfokea hata paka, alijua na akanyamaza.

Kisha binti yao akasumbuliwa na gego. Daktari wa meno akauliza kwanza kama kuna ndugu anayetoka damu kupita kiasi. Fundi akajibu hakuna. Alipoona jibu lake linaandikwa, alimkumbuka mdogo wake, aliyeng'olewa jino usichanani akavuja siku tatu, mito minne ikaharibika, na majirani wakaambiwa ni malaria.

"Daktari, futa hapo," alisema. "Mimi, mdogo wangu, marehemu mama na dada yake. Sote."

Daktari aliahirisha kung'oa. Aliuliza kama wanameza aspirini, kama ini limewahi kuugua, na hali hiyo ilianza lini. Binti akatolewa damu. Chembe zinazoziba jeraha zilikuwa za kutosha, lakini kipimo kilichopelekwa hospitali kubwa kilionyesha upungufu wa protini inayozisaidia kunata. Ni ugonjwa wa kurithi, fundi akaelezwa, na dawa yake ipo.

Gego liling'olewa wiki mbili baadaye, dawa ikiwa imetangulia. Damu ilikatika papo hapo. Binti alirudi nyumbani na shavu kama puto, akidai aiskrimu.

Mama mkubwa alinuna simu nzima. Fundi amewaanika, alisema. Sasa nani atakuja kuposa kwao?

"Mama mkubwa, acha waulize nani ataposa. Mimi sikutaka waulize tunazika lini."

Simu ikakatwa.

Jumanne iliyofuata, fundi alimsindikiza mdogo wake kupimwa. Kwenye benchi la maabara, wa kwanza kabisa katika foleni, alikaa mama mkubwa, amependeza kuliko bibi harusi. Hakuwasalimu. Alimnyooshea mpimaji mkono na kumwambia achote ya kutosha, kwa kuwa ukoo wao haujapata kusemwa kwa uchoyo.