Muigizaji wa mume katili alikuja kumposa mdogo wangu, mie nikanyamaza

Wakuu, heshima kwenu wote.

Juzi kuna mdau aliuliza humu ni scene gani ya uigizaji iliwahi kukugusa mpaka ukashindwa kula. Nilitaka niandike mistari miwili nipite. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Nimeona bora nifungue uzi wangu. Majina nimebadilisha, mengine yote ndivyo yalivyokuwa.

Mie ni fundi friji, Temeke. Kazi yangu ina kusubiri kwingi, unajaza gesi halafu unakaa uone kama friji inashika baridi. Ndiyo maana naangalia sana movie na tamthilia, za nje na za hapa kwetu.

Na nikiri, mie ni mnoko. Muigizaji akilia huku anachungulia camera, nazima. Akipigwa kofi akaanguka kabla mkono haujafika, nazima. Akiwa tajiri halafu anaongea na simu kwa kupiga kelele sebule nzima, nazima na TV nachomoa kwenye umeme.

Nilikuwa naangalia na mdogo wangu wa kike, Somoe. Tumezaliwa wawili tu, wazazi walishatangulia, tukawa tunakaa nyumba moja. Yeye alikuwa anauza duka la dawa Tabata.

Sasa kukawa na tamthilia moja ya hapa nyumbani, siitaji. Kuna jamaa anaigiza mume anayempiga mkewe. Simjui, sijawahi kumuona kokote kabla ya hapo.

Kuna episode anarudi nyumbani anakuta chakula kimepoa. Wengine wangepindua meza hapo.

Huyu hakusema kitu. Akakaa. Akanawa mikono. Akamwambia mkewe kwa upole kabisa, "Njoo tule." Kisha akavua saa mkononi, taratibu, akaiweka juu ya meza, akaisogeza mbali kidogo.

Basi. Hakuna kofi, hakuna tusi. Yule mwanamke alivyoiona ile saa tu akaanza kutetemeka. Mie kwenye kochi nilikuwa na tonge mkononi, nikalirudisha kwenye sahani.

Nikasema, "Huyu jamaa ni hatari. Huyu ndiye muigizaji."

Somoe akasema, "Kaka, mie huyu namjua. Kila mwezi anamleta mama yake dukani kuchukua dawa za presha. Anamshika mkono mpaka kwenye benchi."

Jamaa nitamuita Bakari. Kumbe walishaanza kuzoeana. Mie nilikutana naye mara mbili. Mtu mpole mpaka anakera, akiongea anaangalia chini. Nikamsifia kazi yake, akacheka kwa aibu, akabadilisha mada.

Miezi ikaenda, Bakari akaleta mshenga.

Sie asili yetu ni Masasi. Kwetu mjomba akishasema, baba mwenyewe ananyamaza, seuze baba hayupo. Mjomba wetu anakaa Mbagala. Akaja na mama mkubwa, tukakaa sebuleni. Somoe akawekwa chumbani, pazia tu katikati.

Mjomba akaanza, "Huyu si ndiye yule anayempiga mke kwenye TV?"

Nikajua anatania. Hakuwa anatania.

Mama mkubwa akadakia, "Mtu hawezi kukifanya kitu vile kama hakijui. Ile saa kaivua kama mtu aliyezoea. Mwanangu akafie kwa watu?"

Mjomba akanigeukia. "Wewe ndiye mjuzi wa mafilamu hapa. Haya tuambie. Ule ni uigizaji tu, au ndivyo alivyo?"

Wakuu, jibu nilikuwa nalo. Nimeangalia waigizaji miaka na miaka. Najua mtu anaweza kuigiza muuaji na nyumbani anaogopa panya. Najua pia wapo waliocheza shehe au mchungaji na tabia zao mnazijua.

Lakini mjomba ni mkali, na sijawahi kumbishia tangu nizaliwe. Na nikisema ukweli wote, na mie kawasiwasi kalikuwepo. Ile scene ilikuwa nzuri mno. Nikawaza, je kama kweli?

Nikajibu, "Mjomba, nyie ndio wakubwa."

Ikaisha hivyo. Mshenga akarudishwa, akaambiwa binti hajawa tayari.

Somoe hakulia, hakugomba. Kesho yake akaenda kazini kama kawaida. Ila kuangalia tamthilia na mie aliacha. Nikiwasha TV anaingia chumbani. Mwaka haujaisha akasema amepata kazi zahanati moja huko Masasi. Akafunga begi. Yupo huko mpaka leo, hajaolewa. Tunaongea kwenye simu, habari za mvua na korosho, basi.

Na Bakari naye season iliyofuata hakuonekana. Wakasema tu mume kasafiri. Nikaona hovyo, nikaacha kuiangalia.

Sasa mwezi uliopita niliitwa Chanika kutengeneza friji la duka moja. Namaliza, namuona mtu anashusha matrei ya mayai. Bakari. Amenenepa kidogo, mvi zimeanza.

Aliniita yeye, "Kaka, habari za siku?"

Tukakaa nje kwenye benchi, akaagiza soda mbili. Ana kuku wake huko ndani ndani, ameoa, ana binti mdogo. Nikamuuliza mama hajambo. Akasema mama alifariki.

Nikaropoka nilichokuwa nacho. "Kaka, mbona uliacha? Ile scene ya saa mie sijaona kitu kama kile Bongo hii."

Akazungusha chupa muda mrefu.

Akasema, "Ile haikuwa kwenye script. Director aliniambia nipige meza. Nikamwambia niachie. Yule alikuwa baba yangu. Alikuwa anavua saa kwanza, hataki ivunjike."

Akaweka chupa chini, akaendelea.

"Mie nikiwa mtoto nilikuwa nalala chumba kimoja nao, ndani ya chandarua. Najifanya nimelala. Sasa ile episode ilivyotoka, nikaangalia na mama. Ilivyofika pale akazima TV. Akaniuliza, 'Kumbe ulikuwa macho?' Miaka yote anajua mwanawe hakuona. Kaka, aliniomba msamaha. Mama yangu! Aniombe msamaha yeye! Nikasema hii kazi basi."

Halafu akaniambia, "Nilitaka nimwambie Somoe habari hizo nikishamuoa. Nyie hamkunipa nafasi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilirudi nyumbani nikampigia Somoe. Nikamweleza yote, na kwamba siku ile nilikuwa na la kusema nikaogopa.

Akauliza, "Mama yake mzima?"

Nikamwambia alifariki. Kisha akasema, "Alikuwa ananiita mkwe."

Nikamwambia, "Nisamehe mdogo wangu."

Akajibu taratibu, "Mjomba alivyokuuliza wewe, mie nyuma ya pazia nilifurahi, kaka. Nilisema moyoni, hapo sasa yamekwisha, kaka anajua."

Akaaga, akasema ana wagonjwa.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba kusifia kipaji cha mtu ukiwa kwenye kochi ni rahisi, hata mtoto anaweza. Kazi ni kumtetea mwenye kipaji hicho mbele ya watu unaowaogopa. Mie nilikuwa na sekunde kama tano za kufanya hivyo. Nikazitumia kuangalia zulia.

Kama kuna mtu humu aliwahi kunyamaza mahali alipotakiwa aseme, aandike hapo chini ilikuwaje baadaye, na kama alipata namna ya kurekebisha. Natamani kusikia.

Na wa kunisema waniseme tu, nasoma zote.