Pamba Ndani ya Mlango

Leo nimepita karibu na gereji, na harufu ya puti mbichi ya kuzibia mabati ya magari ikanirudisha Bariadi, uani kwetu, kwenye pikapu ambayo baba aliuza ng'ombe wake wote ili ainunue. Rangi iling'aa, lakini mlango mmoja ulinuka, ndiyo maana fundi bodi aliitwa.

Alipougonga kwa nyundo, puti ikabanduka kama ukoko wa ugali. Ndani, palipoliwa na kutu, mwenye gari wa kwanza alikuwa ameshindilia pamba yenye mbegu. Ilikuwa imelowa na kuwa nyeusi, na panya walikuwa wamezaliana humo. Vitoto vyekundu visivyo na manyoya vikaangukia vidole vya miguu ya baba.

“Mzee, hili si gari, ni godoro,” fundi alisema, pua ameifunika kwa shati.

Akagonga mlango wa pili, kisha sakafu. Kila mahali nyundo ilizama.

Baba akafuta mguu kwenye nyasi. “Ziba tena. Kuna mtu wa Zagayu analitaka. Ng'ombe wangu lazima warudi.”

“Nizibe na nini?”

Mama alikwishaingia ghalani. Akatoka na kiroba cha pamba.