Mashine ya mlango wa kioo ilivyotaka kumfukuzisha baba yangu kazi, Kisangani miaka ya hamsini

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nimesoma uzi wa ndugu mmoja analalamika kwamba front load yake mpya haitakatishi nguo. Comments karibu zote zinamshauri aiuze, anunue ya kujazia juu.

Nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni mzee, macho yananisumbua na naandika kwa kidole kimoja, lakini haya niliyaona mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Nilizaliwa Kisangani, Kongo. Wazungu waliuita mji Stanleyville, sisi nyumbani tulisema Kisangani tu. Kigoma nimekuja ukubwani, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Maneno ya baba nitayaacha kama alivyoyasema.

Baba alikuwa mfuaji mkuu wa hoteli moja pale mjini. Ukoo wetu ni wavuvi wa kwenye maporomoko, watu wa kupiga kelele kwa sababu maji yanawazidi sauti. Yeye alikuwa kinyume. Mpole, maneno machache, masikio makali.

Nilipofika miaka ishirini akaniingiza kazini. Tukawa wafuaji wanne.

Mashuka yote ya hoteli tulifulia kwenye mawe ya mto Tshopo. Sabuni kidogo, sugua, kunja, inua, piga jiweni. Baba hakutazama shuka, alisikiliza.

"Nguo ikilia pa, muchafu inatoka," alituambia kila siku. "Ikilia fwa, unacheza tu na mayi."

Shikeni hiyo "pa", tutairudia.

Siku moja patron, Mbelgiji mwenye hoteli, akaleta mashine. Ilikuja na meli kutoka Léopoldville, ikafungwa kwa boliti nne kwenye sakafu ya saruji kwa sababu ikikamua inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mlango wake ulikuwa mbele, wa kioo, duara. Mji mzima haukuwa umeona kitu kile. Hata mpishi aliacha sufuria motoni akaja kuchungulia.

Sasa ndugu yangu wa ule uzi, nielewe hapa. Ile ya kujazia juu ina kitu katikati kinachozungusha nguo ndani ya maji mengi. Hii ya mlango wa mbele ina ngoma iliyolala, na ndani yake kuna mbavu tatu. Mbavu zinanyanyua nguo hadi juu, kisha nguo inaanguka yenyewe kwenye maji machache. Inanyanyuliwa, inaanguka, basi. Design ya hizi za leo zenye taa na muziki ni ileile.

Wenzetu wawili walirudishwa nyumbani wiki ileile. Tukabaki mimi na baba. Sitaki kujifanya, iliniuma sana.

Wiki mbili za kwanza mashuka yalitoka meupe pe. Tulitumia sabuni ya unga iliyokuja na mashine ndani ya maboksi, kikombe kimoja kama karatasi ilivyosema.

Maboksi yakaisha. Patron akasema hakuna haja ya kuagiza Ulaya, sabuni ya mawese imejaa mjini. Akatuletea miche. Tukawa tunaiparua, tunaiyeyusha kwenye maji moto, baba anamimina kwenye mashine kwa bakuli.

Mashuka yakaanza kutoka ya kijivu.

Baba akaongeza sabuni. Yakatoka mabaya zaidi, magumu, yananuka sabuni. Akaongeza tena. Wageni wakaanza kujikuna na kulalamika.

Ijumaa asubuhi patron akaingia na shuka mkononi, uso mwekundu.

"Mwanzo machine ilifanya muzuri. Sasa weye nahariba. Kusudi! Sababu nilifukuza wenzako."

Baba akasema, "Hapana, patron. Siwezi."

"Lundi nakuya kuangalia. Kama shuka iko ya vile, naandika sabotage mu kitabu yako."

Lundi ndiyo Jumatatu, na sabotage ni kuharibu mali kwa makusudi. Na kwa vijana wasiojua, kitabu kilikuwa kitambulisho chako cha kazi. Bosi akiandika humo neno baya, hakuna mzungu mwingine atakayekuajiri, na nyumba ya kambi ya wafanyakazi unaiachia. Mama, wadogo zangu watano, wote nje. Kwa neno moja tu.

Patron akaondoka na kitabu cha baba mfukoni.

Baba akakaa juu ya ndoo. Sikuwahi kumwona amekaa saa za kazi. Nikaapa moyoni kwamba Jumatatu haifiki kabla sijaujua ugonjwa wa mashine ile.

Jumamosi nikaketi mbele ya kile kioo mzunguko mzima. Sikuambulia kitu, povu tupu limejaa hadi juu. Nikatia mzunguko wa pili. Povu tena. Nilitamani kukipiga teke kile kioo.

Mchana nikaenda Tshopo kufua shati langu la kanisani. Sabuni ileile ya mawese, mawe yaleyale. Nikasugua, na kwa hasira nikapiga bila kupunguza povu.

Fwa.

Nikasimama na shati mkononi. Nikalisuuza, nikapiga tena.

Pa.

Wakuu, nilikimbia hadi hotelini na shati linachuruzika maji.

Mashine ile ilikuwa inapiga nguo kama sisi! Kunyanyua na kuangusha, jiwe lake ni ngoma. Povu likijaa, nguo inaangukia godoro. Haipigwi, na uchafu unabaki humohumo. Ile ya maboksi povu lake lilikuwa dogo, hii ya mawese linafura. Tena tulitumia maji ya mvua kutoka kwenye bati, na maji ya mvua povu lake halina mfano.

Maana yake baba hakuharibu kwa kusudi. Lakini aliyekuwa anaharibu ni baba, kwa kila bakuli alilozidisha.

Hapo furaha ikakata. Kwetu mtoto hamwambii baba yake amekosea, sembuse kwenye kazi aliyomfundisha yeye. Lakini nikinyamaza, kitabu kinaandikwa. Nikazunguka ua ule kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwisho nikamwita. "Papa, kuya kidogo. Iko na kitu nataka usikiye."

Nikaweka mashuka machache, maji matupu, bila sabuni. Nikawasha.

Pa. Pa. Pa.

Baba akainua kichwa. Nikachukua bakuli lake, nikamimina kama anavyomimina yeye.

Pa. Pa. Fwa. Fwa. Kisha kimya, motor tu inanguruma.

Baba akaweka kiganja juu ya kioo. Niliogopa kumtazama.

"Ni miye," akasema. "Alors, kumbe ni miye natiaka povu yote hii."

Jumapili baada ya misa tulirudi tukajaribu vipimo hadi "pa" ikabaki mwanzo hadi mwisho. Nusu ya kopo la nyanya, na nguo zisijae, ngoma ibaki na nafasi ya kuangushia. Baba akachukua msumari, akatoboa kopo pale kwenye nusu. Ukizidisha sabuni, inamwagika chini.

Jumatatu patron akaja. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba sabuni aliileta yeye, kosa ni lake. Baba akanitangulia.

"Patron, ni miye nilitia sabuni mingi. Haikuwa kusudi, sikuyua. Leo nayua. Angalia."

Amekiri! Mbele ya mtu mwenye kalamu na kitabu!

Baba akajaza kopo, ziada ikachuruzika kwenye tundu hadi ikakoma. Akamimina, akawasha. Tukasimama watatu tunasikiliza. Pa, pa, pa, mpaka mwisho.

Shuka likatoka. Patron akalipeleka dirishani, akaligeuza huku na huku. Akalinusa.

"Bon," akasema, yaani vizuri.

Akatoa kitabu mfukoni, akampa baba, akaondoka. Hakuomba radhi kwa lile neno, na habari ya sabuni yake hakuigusa hadi naondoka pale.

Baba alifanya kazi na mashine ile miaka mingine kadhaa, na kitabu chake kilibaki safi.

Basi ndugu yangu usiuze front load yako. Punguza sabuni, tafuta ile isiyo na povu jingi, acha nafasi ndani. Kisha tega sikio. Ukisikia kimya, ujue nguo zako zimelala kwenye godoro.

Lile kopo ninalo. Liko juu ya mashine ya binti yangu hapa Kigoma, limeshika kutu. Kila fundi anayekuja hutaka kulitupa kwa sababu limetoboka.

Siku nyingine nikiwa peke yangu nachungulia lile tundu. Baba hakuwahi kuniambia asante wala hakunigombeza. Alichukua msumari akatoboa kosa lake mwenyewe, mahali kila mtu analiona.

Nimemaliza, wakuu. Wenye mashine mniambie mnatia sabuni kiasi gani. Na kama yupo humu aliyewahi kumwonyesha baba yake kosa, aandike alipitia njia gani. Hayo ndiyo nitakayosoma kwanza.