Tumbo la Ashatu

Ashatu binti Mwinyimvua wa Mlingotini alikuwa mjane wa mwaka wa tatu tumbo lake lilipoanza kuvimba. Ningependa kusema kijiji kilimwonea huruma. Kilihesabu vidole tu na kukonyezana.

Kabla ya hapo alikuwa mkulima wa mwani kama wenzake: maji yakipwa anaingia na kamba zake, anarudi na gunia kichwani huku akitaniana na kila anayepita. Kisha pumzi ikaanza kumkimbia. Akawa anasimama katikati ya njia, anajifanya anakaza kanga, mpaka moyo uache kwenda mbio. Kulala chali kukamshinda. Akawa analala ameegemea mito ukutani, na alfajiri akiirudisha mahali pake ili binti yake Nadhira asijue. Ikafuata miguu, ukiibonyeza kwa kidole inabaki shimo. Mwisho ndipo likaja tumbo.

Hapo akaacha kwenda baharini. Akanunua madera mapana, akaacha arusi, akaacha na maziko. Alijua hajatenda lolote, lakini aibu ilimchoma mpaka masikioni, kwa sababu kwetu mjane mwenye tumbo haulizwi anaumwa nini. Hospitali nayo aliikimbia. Kukaa benchi moja na waja wazito, mbele ya macho ya watu, angeonekana amekiri.

Na Nadhira alikuwa ameposwa na Sufiani, kijana wa Kaole. Siku zikakaribia, wakwe wakanyamaza. Hawakuvunja posa. Walinyamaza tu, na mtu wa pwani anajua kunyamaza huko kunaelekea wapi.

Jambo kama hili haliulizwi na jirani. Huulizwa na somo, yule aliyemfunda mtu alipovunja ungo. Somo wa Ashatu, Bi Maulida, alikuwa bado hai, na ulimi wake pia. Akaja asubuhi moja, akafunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Vua hilo dera."

Ashatu akabaki na kanga moja, mwanamke mtu mzima, machozi yakimdondoka kama mwari.

"Ya nani?"

"Wallahi, somo, si ya mtu."

"Usiniapie. Mimi ndiye niliyekufunda. Unanifedhehesha mimi kabla hujajifedhehesha wewe."

Bi Maulida alikuwa ameshapanga yote. Waende hospitali mjini Bagamoyo, ijulikane miezi mingapi, mwanamume atafutwe, ndoa ifungwe kimya kimya kabla ya ile ya Nadhira. Mambo ya hesabu tu, kwa mawazo yake. Ashatu hakuwa tena na pumzi ya kubishana. Walipofika akakaa kati ya waja wazito, kichwa ameinamisha, na anasema aliomba ardhi ipasuke.

Daktari, msichana mdogo, alitazama mishipa iliyomtutumka shingoni, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaweka kile kipimo chenye picha chini ya ziwa la kushoto.

"Mwanangu, mtoto yuko chini," Bi Maulida akamwelekeza.

"Hakuna mtoto, bibi. Kuna moyo."

Akawaeleza. Moyo una vali, milango midogo inayofunguka kupitisha damu na kujifunga isirudi. Utotoni Ashatu aliwahi kuumwa koo, kisha homa na maungio kuvimba? Aliwahi. Homa ile iliacha makovu kwenye vali ya kushoto, ikakakamaa, sasa inafunguka kidogo tu.

"Ni kama arusini, watu mia wanapita mlango uliokwama. Wanarundikana uani, kisha barabarani. Damu imerundikana kwenye mapafu, ndiyo maana huwezi kulala. Upande wa kulia wa moyo ukachoka kuisukuma, ikarudi nyuma mpaka kwenye ini na miguu. Hayo tumboni ni maji."

"Maji," Ashatu akasema.

"Maji. Nitakupa dawa ya kuyapunguza, lakini vali yenyewe itabidi ishughulikiwe Dar es Salaam."

"Alhamdulillahi."

Daktari akadhani hakueleweka. "Mama, huu ni ugonjwa mkubwa. Unaweza kukuua."

"Nimesikia, mwanangu. Alhamdulillahi." Na uso wake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, ulikuwa umekunjuka.

Bi Maulida akaliokota lile dera, akampa.

Ashatu akavaa dera lake taratibu, akipumzika kati ya mkono na mkono. "Somo, gari za Kaole ziko stendi. Nenda kwa wakwe uwaambie. Mimi nitangoja dawa."

"Nikuache peke yako na hali hii?"

"Miezi yote hii nilikuwa peke yangu, somo. Nenda."

Bi Maulida akajifunika kanga mpaka usoni, akapita mbele ya waja wazito wote, akaenda.