Binti wa Mkaguzi wa Tiketi

Ofisini walimwita Mlinzi, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la miwani: vyumba viwili na kijiko cha chai kimoja kilichogombaniwa na watu wote. Waliandika programu za hospitali na zahanati. Wenzake walitengeneza yale yanayoonekana kwa macho, rangi na vitufe na picha. Yeye alitengeneza yaliyo katikati.

Baba yake, mzee aliyestaafu kazi ya kukagua tiketi kwenye treni, alimwuliza siku moja hiyo kazi ya katikati ni kazi gani.

"Mtu akibonyeza simu yake kuuliza jambo," alimweleza, "lile ombi linasafiri mpaka kwenye seva, yaani ile kompyuta inayojibu. Lakini haliingii moja kwa moja. Linapita kwanza kwenye programu ndogo ndogo zilizojipanga foleni. Ya kwanza inauliza, wewe nani. Inayofuata inaangalia kama una ruhusa. Nyingine inaandika kwamba ulipita. Kila moja ikiridhika inasema endelea, ombi linasogea mbele. Isiporidhika, inalirudisha pale pale na jibu lake."

"Na ikisahau kusema endelea?"

"Ombi linabaki linaning'inia, Baba. Mtu amekaa na simu yake, hajui kama amekubaliwa au amekataliwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. "Basi wewe ni mkaguzi kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba wewe huchafuki viatu."

Mama yake alikuwa kwenye cherehani, anashona mashuka ya mteja. Hakuinua kichwa. "Kwa hiyo nyumba hii ina wakaguzi wawili," alisema. "Abiria ni mimi peke yangu. Ndiyo maana sipumziki."

Ndivyo walivyokuwa. Mama alimwita mumewe Mkaguzi, tangu ujana wao, na alimtania kwa yote: viatu vyake vilivyong'arishwa hata siku ya kukaa nyumbani, jinsi alivyosimama nyuma ya mstari mweupe benki wakati hakuna mtu mwingine ndani. Mzee alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Akiambiwa simama, anasimama. Maisha yake yote aliamini kwamba anayetoa amri ana sababu, hata kama hakuisema, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kumsimamisha abiria bila sababu.

Hospitali kubwa ya mji ule ilikuwa mteja wa kampuni. Zamani ndugu za wagonjwa walijazana kwenye korido za chumba cha upasuaji, wanazuia machela kupita. Kwa hiyo hospitali iliwahamishia kwenye ukumbi wa kusubiria, ng'ambo ya ua, na kampuni ikawatengenezea huduma ya simu. Ndugu anaingiza namba ya mgonjwa wake, anapata jibu: bado yuko chumba cha upasuaji, ametoka, anapumzika, unaweza kuja kumwona. Muuguzi wa wodi akibadilisha hali ya mgonjwa kwenye kompyuta yake, aliye ukumbini anaiona. Hakuna haja ya mtu kukimbizana na mtu. Watu waliipenda.

Mchana mmoja seva ilianguka. Kulikuwa na simu mbovu mahali fulani iliyokuwa inauliza swali lile lile mfululizo, mamia kwa mamia, na seva ikashindwa kuhema. Bosi wake, mwanamume mpole mwenye tabia ya kutafuna kalamu, alikuja mezani kwake.

"Mlinzi, tuwekee kitu cha kuhesabu. Anayeuliza kupita kiasi arudishwe, angoje kidogo."

Akaiandika programu ya kuhesabu. Akaiweka ya kwanza kabisa kwenye foleni, hata kabla ya ile inayouliza wewe nani, kwa sababu msumbufu akirudishwa mapema seva haipati tabu. Ilikuwa fikra nzuri. Kwa vile hapo mlangoni bado hajulikani nani ni nani, ilihesabu kwa anwani ya mtandao, yaani namba ya ule mlango wa intaneti ombi lilikotokea. Ujumbe wa kumrudisha mtu aliutunga mwenyewe, akaubadilisha mara kadhaa ili usiwe mkali: Umeuliza mara nyingi mno. Tafadhali subiri. Aliijaribu kwa kompyuta yake hapo mezani, akabonyeza na kubonyeza mpaka ikamrudisha. Bosi akacheka, akasema hata mwenyewe kafukuzwa. Wakaiwasha, na seva haikuanguka tena.

Miezi ikapita. Mama akaanza kulalamika tumbo. Alilalamika kwa utani kama kawaida yake, ndiyo maana walichelewa kumwamini. Daktari aliona uvimbe, akasema utolewe, na kwamba upasuaji wenyewe si wa kutisha.

Asubuhi ya upasuaji walimsindikiza wote wawili mpaka mlango wa wodi. Mama alimvua binti yake kitambulisho cha kazi alichosahau shingoni, akamkabidhi mkononi.

"Nenda kazini, mwanangu. Utakaa hapa unanitolea macho bure, na mimi nimelala. Jioni uje na kanga yangu ile laini. Baba yako ananitosha."

"Una uhakika, Mama?"

"Mkaguzi yupo. Treni haitaondoka."

Akaenda kazini. Mzee akavuka ua, akaingia ukumbi wa kusubiria, akachagua kiti kinachotazama mlango. Ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Karibu kila mtu alikuwa ameinamia simu, na karibu kila simu ilikuwa imeunganishwa na mtandao wa bure wa hospitali, kwa sababu karatasi ukutani iliwakaribisha kufanya hivyo. Mzee naye akamwomba kijana wa pembeni amwunganishe. Akaingiza namba ya mkewe, akasoma kwamba yuko chumba cha upasuaji. Akaiweka simu mapajani.

Alipouliza tena, akajibiwa kwamba ameuliza mara nyingi mno, na kwamba tafadhali asubiri.

Alishangaa kidogo. Alidhani labda alibonyeza vibaya, kidole chake kilikuwa kizito. Akaona haya, kama mtu aliyesukuma foleni bila kujua. Akasubiri, wala hakubonyeza tena.

Binti alimpigia wakati wa chakula cha mchana.

"Baba, vipi huko?"

"Wanasema nisubiri."

"Bado hajatoka?"

"Wamesema nisubiri tu, mwanangu. Sitaki kuwasumbua."

Binti alidhani ni madaktari waliosema. Akamwambia baba yake anunue hata maandazi, asikae na njaa. Mzee akasema hawezi kuondoka kwenye kiti, huenda akaitwa.

Wakati huo mama yake alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji. Alikuwa wodini, macho wazi, anaongea. Muuguzi alikuwa ameshabadilisha hali yake kwenye kompyuta: unaweza kuja kumwona. Akaendelea na wagonjwa wengine, akijua kwamba ndugu ameona na yuko njiani. Mama akamwuliza mume wangu yuko wapi. Muuguzi akamjibu anakuja. Baadaye akauliza tena. Muuguzi akatazama mlango, akasema labda ameenda kula.

"Huyo?" mama alisema. "Huyo kasinzia kwenye kiti. Mwacheni, hakulala jana."

Kisha akasema kifua kinambana. Damu ilikuwa imeganda mguuni na kipande chake kimepanda kwenye mapafu. Daktari alikuja mbio, wakajitahidi. Muuguzi ndiye aliyevuka ua mwenyewe, akasimama mlangoni mwa ukumbi, akaita kwa sauti. Mzee aliinuka mara moja, akapanguza suruali, akamfuata. Alipofika, mkewe alikuwa ameshakata roho.

Binti alifika na ile kanga kwenye mfuko wa plastiki. Alimkuta baba yake kwenye benchi la korido, mikono magotini. Muuguzi alikuwa amechuchumaa mbele yake, anamweleza kwa upole yale maneno ya mwisho, akidhani yatamfariji.

"Sikusinzia," mzee alimwambia binti yake. Aliyarudia. "Sikusinzia hata kidogo. Niliambiwa nisubiri. Tazama."

Akampa simu. Yule binti akasoma. Alijua hata nukta ilipowekwa. Alisimama na ile simu mkononi, akaelewa yote kwa mara moja, tena kwa undani ambao hakuna mtu mwingine katika korido ile angeuelewa: simu zote za ukumbi, zikiwa kwenye mtandao ule mmoja wa bure, zilitoka nje kwa anwani moja. Watu wote wale, kila mmoja na mgonjwa wake, programu yake iliwaona ni mtu mmoja msumbufu.

Alimkumbatia baba yake, akamwita muuguzi, akauliza taratibu za kumchukua marehemu.

Kesho yake asubuhi, nyumba imejaa majirani na mashangazi, alimpigia bosi. Alimweleza bila kulia. Mchana huo huo programu ya kuhesabu ikahamishwa. Ikawekwa nyuma ya ile inayouliza wewe nani, ili ihesabu mtu na si jengo. Ilikuwa kazi ya kusogeza mstari mmoja chini ya mwingine. Baada ya mazishi aliporudi ofisini, bosi alifunga mlango, wakakaa.

"Hili tulilipitisha wote," bosi alisema. "Mimi niliiona na nikacheka. Usilibebe peke yako."

"Nataka hospitali waambiwe."

Bosi alitafuna kalamu muda mrefu. "Tutawaambia," alisema mwishowe, na waliwaambia, pamoja. Daktari aliwasikiliza. Akasema kile kipande cha damu kingepanda tu, awepo mume au asiwepo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza: "Wangeonana, hilo ndilo."

Lililobaki lilikuwa kumwambia baba yake. Alijipa sababu za kuchelewa: mzee hali vizuri, mzee hajatulia. Jumamosi moja, wakichambua mchele jikoni kwa wazazi wake, akamwambia. Alimweleza tangu mwanzo, polepole. Mzee aliendelea kuchambua mpaka binti alipofika kwenye ule ujumbe. Hapo vidole vikasimama.

"Yale maneno uliandika wewe?"

"Mimi, Baba."

"Na lile neno tafadhali uliliweka wewe?"

"Ndiyo."

Mzee alitazama mchele. "Maneno mazuri," alisema. "Ndiyo maana niliyatii." Kisha akasema kwa sauti ya chini, si kwa binti yake hasa: "Mlango wa wodi ulikuwa ng'ambo ya ua tu. Miguu ninayo."

Binti alitaka kumshika mkono. Mzee aliuondoa, bila ukali, akainuka kwenda kumwaga makapi.

Kwa majuma kadhaa mzee hakupokea simu zake. Shangazi, dada wa mzee aliyehamia kwake kumpikia, ndiye aliyepeleka habari huku na huku: amekula, amenyoa, amekataa kuuza cherehani. Binti alikuwa anakwenda kazini, anarudi, anapika chakula ambacho hakimalizi. Ofisini waliacha kumwita Mlinzi. Hakuna aliyeambiwa aache. Waliacha tu, na yeye akashukuru. Jioni kadhaa alikuwa anapita ukumbi ule wa kusubiria kabla ya kurudi nyumbani, anakaa kiti cha nyuma, anatazama watu wakiuliza na kujibiwa. Wanasoma, wanainuka, wanavuka ua. Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Alikuwa anaondoka akiwa hoi kuliko alivyoingia.

Kisha mzee akaja mwenyewe, amebeba begi lake la kazi la zamani, akasimama mlangoni kwa binti yake.

"Shangazi yako anapika chumvi tupu," alisema.

Akampisha ndani. Hawakulizungumza lile jambo, wala hawajalizungumza tena mpaka leo. Anaishi naye. Wanakula pamoja, wanabishana kuhusu redio. Zipo siku mzee anamtazama kwa namna ambayo yeye hajui ni msamaha au ni uchovu, na hathubutu kuuliza.

Jumapili wanakwenda makaburini. Binti anang'oa magugu, kisha anasogea mbali, hadi karibu na ukuta, ili mzee aongee na mkewe. Humpa habari zote: nani kazaa, nani kahama, bei ya uzi. Jumapili iliyopita mvua ilianza akiwa katikati ya maneno. Watu wengine walikimbilia langoni. Mzee hakuinua kichwa, mabega yake yakaloa, akaendelea kuongea. Binti alikuwa na mwavuli mkononi. Aliushika hivyo hivyo ukiwa umefungwa, akakaa palepale ukutani mvua inamnyeshea, wala hakumwita.